Chakula cha mchana kwenye deli ya kosher jijini New York: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamelenga msomaji anayeishi Marekani au anayepita New York, ambaye amealikwa deli na wafanyakazi wenzake au ameona kibao cha "kosher" (chakula kinachofuata sheria za dini ya Kiyahudi) na anataka kujua kinachomsubiri ndani. Mengi utayaelewa mwenyewe ukikumbuka jambo moja: deli ya kosher ni nyumba ya nyama. Karibu kila sheria na kila "samahani, hatuna" utakayosikia vinatokana na hapo.

Deli ni mgahawa wa aina gani?

Ni mgahawa wa kawaida, hauhitaji kuvaa rasmi wala kuweka nafasi. Kwa kawaida una kaunta yenye vioo ambako nyama hukatwa mbele yako, na meza nyuma au pembeni. Vyakula vyake vililetwa na Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ujerumani, Romania, Poland na Urusi, hasa mwishoni mwa karne ya 19: nyama za chumvi na moshi, soseji za ng'ombe, ulimi, supu ya kuku, matango ya achari na mkate mweusi-mweusi wenye mbegu.

Usichanganye mambo mawili. Kosher ni sheria, si mapishi. Abayudaya wa Uganda, jamii ya Kiyahudi iliyoanza karibu na Mbale mwaka 1919, wanashika sheria hizohizo huku sahani zao zikiwa na ndizi, mahindi na viazi vitamu. Pastrami, nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi, viungo na moshi, ni ya Ulaya ya Mashariki na New York.

Kwa nini hakuna jibini, siagi wala aiskrimu?

Torati inakataza mara tatu kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake (Kutoka 23:19 na 34:26, Kumbukumbu la Torati 14:21). Marabi walilisoma katazo hilo kwa upana: nyama na maziwa havipikwi pamoja, haviliwi pamoja, wala havitumii sufuria, visu na sahani zilezile. Mgahawa hauwezi kuendesha majiko mawili ndani ya chumba kimoja bila matatizo, kwa hiyo huchagua upande mmoja. Deli huchagua nyama.

Kuna kundi la tatu, pareve, ambalo si nyama wala maziwa: mayai, samaki, nafaka, matunda, mboga, mafuta ya mimea. Keki na biskuti za deli ni pareve, zimetengenezwa kwa mafuta ya mimea. Nyingine ni nzuri sana, nyingine zinaacha utando wa mafuta kwenye kaakaa. Ukiwa na nafasi tumboni kwa kitu kimoja tu baada ya nyama, chukua biskuti, uachane na keki ya krimu bandia.

Nikitaka kahawa ya maziwa?

Utapewa kahawa tupu, au yenye maziwa ya soya au shayiri, au unga mweupe usio na maziwa. Usitoe pakiti ya maziwa kwenye mkoba ukamimina. Kikombe hicho kitakuwa kimeharibika kwa jiko lao, na huenda wakalazimika kukitupa.

Mtu anayeshika sheria hanywi maziwa hata akishatoka nje. Kuna wanaosubiri saa sita baada ya nyama, wenye asili ya Ujerumani wengi husubiri saa tatu, na wenye asili ya Uholanzi saa moja. Kwa hiyo mwenzako akikataa aiskrimu barabarani, asikuudhi.

Nitajuaje kama deli ni kosher kweli?

Hapa ndipo wengi hukosea. Jina la Kiyahudi, nyota ya Daudi dirishani na pastrami kwenye menyu havithibitishi kitu. Ziko deli zinazojiita za "mtindo wa kosher": chakula kinafanana, lakini hakuna usimamizi, na mara nyingi jibini lipo. Katz's Delicatessen ya mtaa wa Houston, iliyoanza mwaka 1888 na inayojaa wageni kila siku, si kosher. Sandwichi maarufu ya Reuben, yenye nyama ya chumvi, jibini la Uswisi na kabichi iliyochachushwa, haiwezi kuwa kosher kwa sababu nyama na jibini viko pamoja. Ukiiona kwenye menyu, uliza jibini ni la nini. Likiwa la maziwa, umeshapata jibu.

Tafuta cheti ukutani, kwa kawaida karibu na mlango au kaunta. Kisome, usikitazame tu. Kiwe na jina la rabi au shirika linalosimamia, jina na anwani ya mgahawa huohuo, na tarehe ya mwisho ambayo haijapita. Kasoro inayojitokeza sana ni cheti kilichokwisha muda, au cheti cha mtengenezaji wa nyama kilichotundikwa kana kwamba ni cha mgahawa. Nyama inaweza kuingia ikiwa kosher na kupoteza hadhi hiyo jikoni, ikikatwa kwa kisu kilichokata jibini.

Kwenye bidhaa za pakiti, alama inayojulikana zaidi ni herufi U ndani ya duara, ya shirika la Orthodox Union. Herufi K peke yake haina uzito huo, kwa sababu herufi tupu haiwezi kusajiliwa kama alama ya biashara na yeyote anaweza kuichapa.

Neno "glatt" utaliona pia. Ni Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, maana yake "laini", na linahusu mapafu ya mnyama: baada ya kuchinjwa hukaguliwa kama yana makovu au mishikamano. Siku hizi watu hulitumia ovyo kumaanisha "kosher kabisa", hata kwa kuku na samaki, ambao suala la mapafu laini haliwahusu.

Halafu kuna tofauti miongoni mwa Wayahudi wenyewe. 2nd Ave Deli, iliyofunguliwa mwaka 1954, ina usimamizi wa rabi lakini hufungua Jumamosi, na Waorthodoksi wengi hawali mahali panapofanya biashara siku ya Sabato. Ukimwalika mtu anayeshika sheria, usimchagulie mgahawa. Mwulize anakula wapi.

Pastrami na nyama ya chumvi zina tofauti gani?

Ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba mbili.

Zote hutoka sehemu ya mbele ya ng'ombe. Nyama ya chumvi, ambayo kwenye ubao huandikwa *corned beef*, hutengenezwa kwa kidari. Kidari huzamishwa kwenye maji yenye chumvi, sukari, kitunguu saumu, viungo na chumvi ya naitriti, ile inayobakisha rangi ya waridi. Hukaa humo siku kadhaa hadi wiki moja au zaidi kutegemea unene. Kisha huchemshwa polepole mpaka uma uingie bila kusukumwa. Ladha yake ni ya chumvi na ya upole. Usiilinganishe na ile nyama ya kopo inayoitwa kwa jina hilohilo, maana havifanani.

Pastrami hupita kwenye maji ya chumvi vilevile, lakini wenye kushikilia mapokeo hutumia nyama ya tumbo, iliyo nyuma ya kidari, kwa sababu ina tabaka za mafuta. Ikitoka majini hupakwa pilipili manga na mbegu za giligilani zilizopondwa, ikafukizwa moshi kwa saa kadhaa, halafu ikapikwa kwa mvuke. Mvuke ndio unaoamua. Nyama hii ina nyuzi ngumu za kuunganisha misuli, na nyuzi hizo huyeyuka tu zikikaa kwenye joto na unyevu kwa muda. Ikikatizwa mapema utatafuna kama mpira, ikizidi itamomonyoka kisu kinapoigusa.

Huwezi kuona sirloini wala sarara kwenye deli ya kosher ya Marekani. Mwanzo 32 inaeleza kwa nini Wana wa Israeli hawali mshipa wa paja, na kuutoa mshipa huo pamoja na mafuta yaliyokatazwa ni kazi ya fundi na ya saa nyingi. Machinjio ya huko huona nafuu kuuza robo za nyuma kwenye soko la kawaida. Kwa hiyo wapishi wa deli wamekuwa mabingwa wa nyama ngumu za mbele, maana ndizo walizobaki nazo.

Naagizaje kwenye kaunta bila kujiaibisha?

Tazama kwanza kama kuna mashine ya namba karibu na mlango. Ikiwepo, chukua namba usubiri kuitwa. Taja vitu vitatu kwa mpangilio huu: nyama, mkate, kiungo. "Pastrami, mkate wa rai, haradali." Basi. Foleni ya saa saba mchana haina subira na mtu anayeanza kusoma menyu akiwa mbele.

Mkataji anaweza kukuuliza kiwango cha mafuta. Ukisema "lean" utapata vipande vikavu vilivyotolewa mafuta, na deli nyingine huongeza bei kwa hilo. Kwa pastrami, kata ya wastani ni bora zaidi: mafuta ndiyo yanayobeba moshi na pilipili. Kwa nyama ya chumvi unaweza kuchagua isiyo na mafuta bila kupoteza mengi.

Omba ikatwe kwa mkono kama wanafanya hivyo. Vipande hukatwa kukingama nyuzi. Vikifuata nyuzi, kila kipande kitakuwa na kamba ndefu inayovutika pamoja na nusu ya sandwichi. Omba pia ikatwe pale pale. Nyama iliyokatwa nusu saa kabla na kuachwa kwenye trei hupoteza mvuke, mafuta yake huganda, na huwezi kuirudisha.

Sandwichi moja huwa na gramu 200 hadi 350 za nyama. Si chakula cha mtu mwenye njaa ya kawaida. Deli nyingi huuza nusu sandwichi pamoja na bakuli la supu, na huo ndio mlo wa mchana wenye akili.

Mkate, haradali na achari: kuna sheria?

Sheria ya dini hapana, desturi ndiyo. Mkate ni wa rai, nafaka jamii ya ngano inayostawi kwenye baridi, uliochanganywa na unga wa ngano na mara nyingi mbegu za kisibiti. Gamba lake gumu linazuia sandwichi isilowe ikasambaratika mkononi. Haradali ni ya kahawia, kali kidogo. Mayonezi ni mayai na mafuta, kwa hiyo ni pareve na halali kabisa kwa kosher, lakini ukiomba pastrami na mayonezi kwenye mkate mweupe, mkataji atakutazama kama mtu aliyeomba pilau na sukari.

Matango ya achari huja mezani, mara nyingi bila malipo. Ya kijani kibichi yamekaa kwenye maji ya chumvi siku chache tu: yanalia yakitafunwa na yana chumvi ya wastani. Yaliyofifia rangi kuelekea kijani-kahawia yamechachuka wiki kadhaa, ni makali na yana kitunguu saumu zaidi. Hayana siki, ukali wake unatokana na kuchachuka. Kula kipande kila baada ya matonge mawili matatu, yatakusaidia na mafuta.

Kinywaji cha kujaribu ni Dr. Brown's Cel-Ray, soda yenye ladha ya mbegu za selari. Kwa mara ya kwanza inashangaza. Ikiandamana na pastrami inaeleweka.

Hayo madonge kwenye supu ya kuku ni nini?

Ni madonge ya unga wa matza, yaani mkate usiotiwa chachu uliosagwa. Kipimo kinachotumika sana ni mayai 4, kikombe 1 cha unga wa matza, robo kikombe ya mafuta ya kuku, robo kikombe ya supu na kijiko 1 cha chai cha chumvi. Mchanganyiko hupumzishwa kwenye friji kama nusu saa hadi saa nzima ili unga unywe maji, hufinyangwa kwa mikono iliyoloweshwa, kisha huchemshwa kwa moto mdogo dakika 30 hadi 40 sufuria ikiwa imefunikwa. Donge lenye kiini kigumu katikati limetokana na kutopumzishwa, kufinyangwa kwa nguvu, au mpishi kufunua mfuniko kila mara. Wapo wanaopenda magumu kwa makusudi, na ubishi huo hauna mshindi.

Nijiandae na kiasi gani cha pesa?

Sandwichi ya pastrami ya kosher New York huwa dola 20 hadi 30. Nyama ya kosher ni ghali kwa sababu ya mchinjaji aliyesomea, ukaguzi, wanyama wanaokataliwa na mshahara wa msimamizi. Bei ya menyu haijajumlisha kodi ya mauzo ya jiji, 8.875%, wala bakshishi, ambayo mezani ni 18% hadi 20%. Kwa mfano: sandwichi dola 26, supu 9, soda 4, jumla 39. Kodi 3.46, bakshishi ya 20% ni 7.80. Utaondoka umelipa 50.26. Soma risiti kabla ya kuongeza bakshishi, huenda imeshaingizwa. Na baadhi ya deli hutoza ada mkigawana sandwichi moja mezani.

Hufungwa lini?

Deli zinazoshika Sabato hufungwa Ijumaa kabla ya jua kuzama mpaka Jumamosi usiku. Desemba jua la New York huzama mnamo saa kumi na nusu alasiri, kwa hiyo jiko linaweza kufungwa saa nane mchana. Ukipanga chakula cha Ijumaa, piga simu asubuhi. Wakati wa Pasaka ya Wayahudi, siku nane, deli nyingi hufunga kabisa maana mkate wenye chachu hauruhusiwi.

Mimi ni Mwislamu. Naweza kula?

Waislamu wengi wa Marekani hula, wakitegemea Sura ya Al-Maida, aya ya 5, inayoruhusu chakula cha waliopewa Kitabu. Nguruwe hayupo, damu imeondolewa (nyama hulowekwa nusu saa, hutiwa chumvi saa moja, kisha husuuzwa), na mnyama huchinjwa kooni kwa kisu kikali. Wanaosita wana hoja yao: mchinjaji wa Kiyahudi husoma dua mwanzoni mwa kazi, hataji jina la Mungu kwa kila mnyama. Hilo ni la kumwuliza shehe wako.

La kuuliza mgahawani ni pombe. Sheria ya kosher haikatazi pombe: deli inaweza kuuza bia, na mchuzi au nyama ya kuoka inaweza kuwa imetiwa mvinyo. Uliza "kuna mvinyo au bia ndani yake?" kwa kila chakula chenye mchuzi. Pastrami, ulimi na soseji za ng'ombe kwa kawaida hazina.

Kinyume chake hakiendi. Nyama halali si kosher kwa sababu tu ni halali, na ngamia ni mfano rahisi: anacheua, lakini kwato zake hazikupasuka kikamilifu, kwa hiyo Walawi 11 inamkataza.

Na mimi Msabato?

Hapa utajisikia nyumbani, maana Waadventista wanaoshika Walawi 11 wanasoma orodha ileile ya wanyama. Hata siku ya Sabato ni ileile.

Samaki gani wanakubalika?

Wenye mapezi na magamba. Changu, nguru, sato na sangara wamo. Kambare, papa, kamba, kaa, pweza na ngisi hawamo. Kwenye deli samaki ni wachache, na desturi hairuhusu aliwe kwenye sahani moja na nyama. Atakuja kwanza, na uma wake.

Sili nyama, au nina mzio. Kuna nini kwangu?

Mwenye mzio wa maziwa ana raha hapa kuliko karibu mgahawa wowote mwingine wa mjini. Hata hivyo, mzio ukiwa wa kuhatarisha maisha, uliza kama kawaida: cheti hakikutolewa na daktari. Angalia mayai, soya na njugu, ambavyo hujaa kwenye vyakula pareve kuziba nafasi ya siagi.

Kwa asiyekula nyama, kumbuka kwamba chakula cha viazi au mboga si lazima kiwe pareve. Kanishi ya viazi, kitumbua cha kuoka chenye viazi ndani, inaweza kuwa na mafuta ya kuku. Supu ya njegere inaweza kuwa imechemshwa na mifupa. Latke, yaani chapati ndogo za viazi vilivyokunwa, hukaangwa kwa mafuta ambayo huenda yamekaanga kuku. Asiyevumilia gluteni aepuke rai na matza. Kasha, yaani punje za buckwheat zilizopikwa, ni salama ikija peke yake, lakini mara nyingi huchanganywa na tambi za ngano.

Naweza kuingia na chakula cha mtoto?

Chakula cha nje hakiruhusiwi, hata kama ni maandazi ya nyumbani. Maziwa ya mama hayana tatizo, kisheria ni pareve. Chupa ya maziwa ya ng'ombe au ya unga, mwulize mhudumu kabla ya kuitoa. Mara nyingi watakubali ukimlisha mtoto bila kutumia vyombo vyao.

Kopo lenye vishikio viwili kwenye sinki ni la nini?

La kunawia mikono kabla ya mkate, kwa ibada. Maji humiminwa mkono mmoja, kisha mwingine, ndipo husomwa baraka, na mtu hazungumzi mpaka ale mkate. Huhitaji kufanya hivyo. Usilitumie kunywea, na usimsemeshe aliyetoka kunawa. Atakujibu akishatafuna tonge la kwanza.

Nikibakisha?

Omba nyama ifungwe mbali na mkate, maana ukikaa pamoja mkate utalowa. Iingie kwenye friji ndani ya saa mbili, uimalize ndani ya siku tatu au nne. Kuipasha, weka chujio au sahani ya chuma juu ya maji yanayochemka, funika dakika 5 hadi 10. Maikrowevu huikausha kingo kabla katikati haijapata joto. Ukiwa huna lingine, funika kwa karatasi ya jikoni iliyoloweshwa na upashe kwa nguvu ndogo.